Povu Kwenye Chupa ya Ajiambo

Dereva yeyote wa trela anayevuka Malaba kwenda Uganda, muulize ni nani anaziba tairi ikazibika. Atakuonyesha kwangu kwa kidole hata bila kushuka garini. Mimi niliacha shule darasa la sita, nikaanza na pampu ya mkono na beseni la kuazima. Leo nina kompresa zangu mwenyewe, nimeandika watu kazi, na nyumba yangu ya matofali watu wakipita wanapunguza mwendo waitazame. Sikushikwa mkono na mtu. Utajiri wangu wote nimeutoa kwa upepo. Nauza upepo, na nazuia upepo usitoroke. Basi.

Sisemi haya kwa maringo peke yake, ingawa maringo ninayo na sioni sababu ya kuyaficha. Nataka mzazi anayesoma ajue ni mtu wa namna gani aliyekaa kwenye benchi la hospitali akiwa hajui kitu chochote. Kama umeambiwa mtoto wako atalazwa kwa dawa ya usingizi ili achomwe sindano kifuani, keti hapa na mimi. Mambo ya kidaktari muulize daktari. Mimi nina ya benchi.

Ajiambo ni kifungua mimba wangu. Kikohozi kilimwanza tukiwa tunapalilia mahindi huko nyumbani Busibwabo, kikohozi kidogo tu cha kukwaruza, nikasema ni vumbi la malori. Mahindi yakabeba, kikohozi kikabaki. Wakampa dawa za kifua kikuu, kwa sababu mtoto mdogo hatemi makohozi ya kupimwa, na daktari wa kwanza aliona afadhali kuanza. Akameza mpaka mkojo ukawa rangi ya chungwa. Tukavuna, tukakausha, tukaweka ghalani, na bado Ajiambo anakohoa. Shingo ilikuwa imekonda, sare ya shule inamzunguka kama imeanikwa kwenye kijiti. Alikuwa na miaka saba, na alikuwa anapanda ngazi ya veranda kama mzee.

Maharagwe ya mvua ndogo yalipoanza kutoa maua ndipo tukapelekwa hospitali kubwa ya rufaa. Sitaitaja, wala mji wake. Kule walimpitisha kwenye skani, na daktari akaniita ndani akafunga mlango.

"Mzee, kuna uvimbe kwenye pafu la kulia," akasema. "Ukubwa wa limau."

"Ni kansa?"

"Siwezi kukwambia kwa kuangalia picha. Lazima tutoe kinyama kidogo tukipime. Tutaingiza sindano kupitia mbavuni, tukiongozwa na skani. Mtoto akiwa amelala."

Nilitaka kumuuliza maswali mengi lakini niliuliza moja tu, kama ataamka. Akasema wengi huamka vizuri. Neno "wengi" nilirudi nalo mpaka Malaba.

Sasa kulikuwa na shida ya nyumbani. Mama Ajiambo alikuwa amejifungua mtoto mwingine majuzi, kwa upasuaji, hata kuinuka kitandani ni kwa kushikwa. Wodi ya watoto inataka mwanamke wa kulala na mtoto. Mama yangu ameshatangulia mbele ya haki. Kwa hiyo aliyekuja ni mama mkwe wangu, Mteso wa kutoka Chakol.

Wale wa kwetu wameshaelewa. Kwa wale wengine, nieleze. Sisi Waluhya, na Wateso pia, mwanamume na mama mkwe hawaketi nyumba moja. Hawapeani mikono, hawali pamoja, hawatazamani usoni. Ni heshima. Tangu nioe, yule mama nilikuwa nimemwona mgongo tu, na kitambaa cha kichwa. Sasa tumepewa kitanda kimoja cha mgonjwa, na kiti kimoja kando yake.

Tulifanya hivi: mimi ni mchana, yeye ni usiku. Nikifika, nakohoa mlangoni. Yeye anatoka kwa mlango wa upande wa bafu. Maneno yote yanapita kwa Ajiambo.

"Ajiambo, mwambie baba yako chai iko kwa chupa nyekundu," mama mkwe anasema akiwa ameelekea ukutani.

"Baba, tata anasema—" Wateso nyanya wanamwita tata.

"Nimesikia. Mwambie asante."

"Tata, amesikia. Anasema asante."

"Mwambie anywe ikiwa moto. Jana aliiangalia tu ikapoa."

Wamama wa vitanda vingine walikuwa wanacheka mpaka wanajishika mbavu. Mmoja alisema, "Huyu mtoto ni karani wa mpaka! Hakuna kitu kinapita bila yeye." Ajiambo alicheka, kikohozi kikamshika, kicheko kikaisha wodi nzima.

Yule mama alikuwa na jambo moja alilolirudia kila asubuhi kabla hajatoka. "Mwambie baba yako aangalie mabega. Mtoto mzima anapumua kwa tumbo. Mgonjwa anapumua kwa mabega." Mimi nilikuwa nasema sawa sawa. Nilikuwa namchukulia kama mama wa shamba anayeongea ya shamba.

Siku ya sindano ilifika Januari, jua kali, majani yote yamekauka. Daktari wa usingizi alikuja kumwona Ajiambo mapema, mama mmoja mfupi, sauti ya polepole kama mtu anayebembeleza ng'ombe wa kukamuliwa. Akauliza amekula lini mara ya mwisho. Akauliza kama ana homa. Halafu akamwambia afungue mdomo, akagusa jino la mbele.

"Hili linacheza."

"Ni la utoto, daktari. Litatoka tu," nikasema.

"Ndiyo, na sitaki litoke mimi nikiwa naingiza mpira wa kupumulia. Likianguka litaingia kwenye njia ya hewa."

Akalizungushia pamba na kulivuta. Lilitoka kama punje ya hindi. Ajiambo alilia kuliko alivyolia kwa sindano zote za mwaka mzima. Daktari akanikabidhi lile jino kwenye kitambaa, nikalitia mfuko wa shati. Wewe mzazi, kama mtoto wako ana jino linalotikisika, sema mapema. Mimi sikujua kwamba jino linahusiana na pafu.

Kisha akanieleza: "Mzee, akishalala, mimi ndiye nitakuwa nampumulia. Mwenzangu wa sindano akiniambia simama, nitasimamisha pumzi kidogo ili pafu litulie, yeye aingie."

"Usimamishe pumzi?"

"Kidogo tu."

Nikajikaza. "Daktari, hayo ya upepo nayajua. Hiyo ndiyo kazi yangu. Tairi."

Akanitazama, nikaona hanicheki. "Vizuri. Basi wewe sihitaji kukueleza sana kwamba kitu cha upepo kikitobolewa kinaweza kuvuja. Ikitokea, tutakuwa tayari."

Nikatia sahihi.

Benchi lilikuwa la chuma, limewekwa kwenye ukumbi mrefu, ubaridi wake unapanda mpaka kiunoni. Mimi nikakaa mwisho huu. Mama mkwe wangu akakaa mwisho ule, nyuma ya nguzo, ili tusionane. Nilikuwa naona ncha ya leso yake tu na mkono unaosokota ile ncha. Kila alipoacha kusokota nilijua anaomba.

Nikajaribu kushika pumzi, nione kama mtu anaweza. Nilikuwa nafikiri: sasa wamesimamisha. Nashika. Naona nyota. Naachilia. Nikashika tena. Mzee mmoja aliyeleta mjukuu wake akaniuliza, "Boss, una kwikwi?"

"Hapana, mzee."

"Basi pumua. Unatuogopesha."

Mlango ukafunguka, nesi akatoka mbio, akarudi na sanduku. Hakutazama mtu. Mlango ukafungwa. Ncha ya leso kule nyuma ya nguzo ikasimama. Nikainuka, askari wa mlangoni akasema mzee keti, nikamwambia yule ni mtoto wangu, akasema najua, keti. Alisema kwa upole, na upole ndio uliniumiza.

Alipotoka yule daktari wa usingizi, alikuwa ameshusha barakoa. "Yuko hai," alisema kwanza, kabla ya kitu kingine chochote. Hilo sitalisahau. Kuna watu wanajua kupanga maneno. "Kinyama tumepata. Lakini pafu limevuja. Upepo umejaa katikati ya pafu na mbavu, pafu limenywea, na oksijeni kwenye damu ikashuka. Tumemwekea mpira kifuani kuutoa ule upepo. Ataamka na huo mpira. Usishtuke."

Mimi, mtu wa puncha, mtoto wangu amepata puncha.

Nikageuka kule kwenye nguzo. Hakukuwa na Ajiambo wa kupitisha habari. Nikaiambia nguzo kwa sauti, "Yuko hai. Pafu limevuja." Nyuma ya nguzo nikasikia mtu akipiga makofi mara moja, pole pole, vile wamama wanafanya wakikosa maneno.

Nilipoingia wodini, Ajiambo alikuwa amelazwa ameinuliwa kichwa, midomo imekauka, koo linamuwasha na sauti imekuwa ya jogoo mdogo. Alikohoa damu kidogo kwenye karatasi. Ubavuni kumetokea mpira wa kupitisha mwanga, umeshuka mpaka sakafuni, umeingia kwenye chupa yenye maji. Na kwenye chupa, kila akikohoa, povu. Bulu, bulu, bulu.

Ndugu msomaji, hiyo nilikuwa naijua. Hiyo ndiyo kazi yangu yote! Unachukua tyubu, unaitumbukiza kwenye beseni, unatazama povu. Povu likitoka, kuna tundu. Povu likikoma, umeziba. Nilivyoiona ile chupa nilihisi kama mtu aliyepotea ugenini akasikia lugha ya kwao.

Sista wa wodi, dada mrefu aliyekuwa hatembei bali anakimbia, akanieleza. "Chupa isiinuliwe juu ya kitanda. Povu ni upepo unaotoka. Likipungua polepole ni vizuri. Lakini haya maji ndani ya mrija lazima yapande na kushuka akipumua. Yakitulia kabisa leo au kesho, niite."

Mimi nikasikia la povu. Hilo lingine halikuwa na nafasi kwenye kichwa changu, kwa sababu kwenye beseni langu maji yakitulia ni furaha.

Kesho yake mchana nilikuwa nimekaa naye. Alichoka kulala upande mmoja, akataka kunigeukia nimsimulie habari za dereva mmoja wa Kigali aliyesahau turniboi wake, yaani msaidizi wa lori, pale kwangu akaenda peke yake mpaka Tororo. Nikamsaidia kugeuka. Nikasimulia. Kufika katikati, nikatazama chupa. Hakuna povu. Akakohoa: hakuna povu. Maji yametulia tuli, kama kwenye beseni langu jioni kazi ikiisha.

Nikapiga simu nyumbani. "Mama Ajiambo! Imeziba!"

"Nani amesema?"

"Mimi nimesema! Naona kwa macho yangu."

"Daktari amesema?"

"Sasa daktari ataniambia nini kuhusu puncha?"

Akaanza kulia kule kwa simu, na kitoto kichanga kikalia naye. Mimi nikasimama katikati ya wodi, nikaanza kuwaambia wale wamama imeziba, imeziba, nao wakanipongeza, mmoja akapiga vigelegele. Niliona nimeshinda. Mtoto wangu nilikuwa nimempa mgongo.

Mama mkwe wangu alikuwa amekuja mapema siku hiyo. Alikuwa amesimama nje ya mlango na uji wake, ananisubiri nitoke. Siku nyingine akifika anagonga fremu, mimi napita upande wa bafu. Aligonga. Sikusikia, niko na simu. Akagonga tena. Akasema, kwa Kiswahili, bila kumpitia mtu, "Baba Ajiambo, mabega."

Nikasema bila kugeuka, "Imeziba, mama. Nimeziba maelfu."

Ndipo akaingia. Aliweka uji chini pale mlangoni, akapita mbele yangu, bega lake likagusa mkono wangu, akafika kitandani. Hata wale ambao si wa kwetu walijua kitu kimevunjika. Nikageuka, na kwa mara ya kwanza nikauona uso wake. Ulikuwa uso wa mke wangu ukizeeka. Halafu nikamwona Ajiambo.

Mabega yalikuwa yanapanda mpaka masikioni. Mashimo yamejichimba juu ya mifupa ya shingo. Midomo ilikuwa na rangi ya zambarau. Alikuwa ananitazama na hawezi kuniita.

"Sista!" yule mama akapiga ukelele. "Sista! Kuja!"

Sista alifika mbio. Hakuuliza. Alifuata mpira kwa mkono kuanzia ubavuni, akafika chini ya nyonga, akamwinua Ajiambo kidogo, akaunasua na kuunyoosha. Ulikuwa umejikunja pale mimi nilipomgeuza, umebanwa na uzito wake mwenyewe. Ulipofunguka chupa ikachemka. Bulu bulu bulu bulu, kama beseni la tairi iliyopasuka. Povu halikuwa limeisha kwa sababu tundu limeziba. Lilikuwa limekosa njia, na upepo wote ulikuwa unarudi kumkaba.

Wakamwekea oksijeni. Daktari akaja, wakapiga eksirei hapo hapo kitandani. Mimi nilikuwa nimesimama na simu bado mkononi, mke wangu anaita ndani yake, "Baba Ajiambo? Baba Ajiambo? Ni nini?" Nikamweleza. Kisha akasema, "Mpe mama simu." Mimi nikampa mama yake simu mkononi mwake. Mkono kwa mkono. Ya kuvunjika yalikuwa yameshavunjika.

Kwa siku nyingi mke wangu alikuwa akipiga, anaongea na mama yake kwanza, halafu na Ajiambo. Mimi nikiulizwa, ni kama nimekula au la. Sikumlaumu. Nilikuwa nimechoka hata kujitetea, mimi ambaye nikigombana Malaba, Tororo inasikia.

Nikajifunza kuketi. Sista alinifundisha upya, na safari hii nilimfanya arudie: povu ni jambo moja, maji kupanda na kushuka ni jambo jingine. Mpira unyooke. Mtoto akigeuka, fuata mpira kwa mkono kutoka mwanzo mpaka mwisho. Nikawa natazama mabega kwanza, chupa baadaye. Povu lilipungua lenyewe, likawa la kikohozi kikubwa tu, halafu likaisha, na eksirei ikasema pafu limekunjuka. Siku ya kuchomoa ule mpira walimwambia avute pumzi aishike. Nami nikashika.

Majibu ya kinyama yalikuja baada ya mpira kutoka. Daktari alitaja jina refu. Ni kuvu, ilikuwa imejenga nyumba kwenye pafu, na ina dawa. Nikamfanya arudie neno moja: si kansa. Si kansa, akasema.

Mama mkwe wangu alikuwa ameenda kuanika nguo nyuma ya wodi. Tulikuwa tumerudia heshima yetu, hatutazamani. Nikasimama upande huu wa shuka iliyoanikwa, nikaona miguu yake upande ule.

Nikaiambia shuka, "Si kansa. Ni kuvu. Iko na dawa."

Shuka ikajibu, "Asante Mungu." Na miguu ikakaa chini kwenye majani.

Vidonge alivimeza msimu mzima wa mvua ndefu. Vilikuwa vinamtapisha, akachukia nyama, nywele zikawa nyepesi. Tukapanda, tukapalilia. Hospitali walimpa kazi ya kupuliza ili pafu litanuke, na hakukuwa na maputo, kwa hiyo alipuliza glavu za sista zikawa na vidole vitano vya kusimama, akazichora macho. Lile jino nilikaa nalo mfukoni mpaka tuliporudi nyumbani. Tulilirusha juu ya paa inavyotakiwa, na lingine likaota, limepinda kidogo. Ubavuni amebaki na kovu kama kiraka. Anawaonyesha wenzake shuleni bila hata kuombwa. Hayo ameyatoa kwangu.

Mahindi yalipofika kiunoni nikampeleka mbuzi Chakol. Tukishagusana, mimi na mama mkwe, lazima kitu kitoke, ndiyo desturi, na mimi sikutoa mbuzi wa kudharauliwa. Mbuzi yule walikuja kumtazama mpaka majirani. Nikafunga kamba kwenye nguzo ya ua na kusimama nje, mahali pa mkwe. Ajiambo alikuwa amebaki barabarani, akaona moshi wa jikoni kwa tata wake, akaanza kukimbia.

Ni mwinuko pale. Mwaka uliopita asingefika nusu. Alipita kando yangu kama bodaboda isiyo na breki, akaingia ndani kwa kishindo, nami nikasikia kikohozi ambacho hakikuja. Nilikuwa nimesimama nimeikaza kamba ya mbuzi, natega sikio.

Najua tata wake alikuwa anamwangalia.

Kisha sauti ya yule mama ikatoka kwa dirisha. "Ajiambo, mwambie baba yako mabega yametulia. Unapumua kwa tumbo."

"Baba, tata anasema—"

"Nimesikia."

"Tata, amesikia."

"Basi mwambie na yeye apumue."